Mwaka Tuliomwimbia Ndung'u

Mama Ndung'u tulimzika Alhamisi iliyopita. Kijana aliyehubiri kaburini, mchungaji mgeni mwenye sauti tamu, alisema kwamba marehemu alikuwa shujaa wa imani, mama ambaye hakuyumba hata pale mtoto wake alipochukuliwa. Wanjiru, binti wa marehemu, alikuwa amesimama kando yangu. Alinishika mkono kwa nguvu, akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kaburini hata kikohozi husikika, na akina mama waliokuwa mbele yetu waligeuka kututazama. "Angejua," Wanjiru aliniambia sikioni. Nikamwambia anyamaze, kama nilivyozoea kumwambia tulipokuwa wasichana tukikaa benchi la mbele, watoto wa wahubiri wawili, tukitazamwa na kanisa zima. Yule kijana aliendelea kuhubiri. Mimi sikumsikia tena. Nilikuwa nimerudi mtaa wetu wa Jericho, kwenye mwaka ambao sijawahi kumsimulia mtu, hata wanangu, na ambao kila nikisikia kwaya ikifanya mazoezi Jumamosi mchana hunifanya nifunge madirisha.

Nyumba za kanisa pale Jericho zilikuwa mbili zilizogawana ukuta mmoja. Upande mmoja tuliishi sisi: baba yangu, Mchungaji Zakaria, mama yangu na mimi, Nekesa. Upande wa pili waliishi Mwinjilisti Stefano, aliyekuwa msaidizi wa baba, mkewe, Wanjiru aliyekuwa rika langu na darasa langu, na mdogo wake Ndung'u, ambaye hakuwa ameanza shule. Ukuta ule haukuficha kitu. Tulijua walipokaanga vitunguu, tulijua walipokosana, nao bila shaka walimsikia baba yangu akijisomea mahubiri Ijumaa jioni, akirudia neno moja mpaka lipate uzito alioutaka. Wao walikuwa kabila la mkoa wa kati, sisi la mkoa wa magharibi, na waumini walipenda kutuonyesha kwa wageni kama ushahidi wa upendo wa Kristo. Lakini upendo wenyewe ulikuwa jikoni. Mama yangu alimfundisha Mama Ndung'u kupika mboga ya mrenda, naye Mama Ndung'u akaupika miaka yote bila kuupenda, akisema unateleza kama mtu mwenye siri. Yeye alituletea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Ndung'u alikuwa akija nyuma ya sufuria hiyo, na akishakula kwao alikula tena kwetu, mapajani mwa baba yangu, akimega ugali wa wimbi kutoka sahani yake, ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alimvalisha yule mtoto miwani yake, akamsimamisha juu ya kigoda, na Ndung'u akahubiri mahubiri pekee aliyoyajua: "Wapendwa, ketini! Wapendwa, ketini!" Tulicheka mpaka mama akafuta machozi kwa upindo wa leso.

Baada ya Pasaka ya mwaka ule Ndung'u alianza kuchoka. Alilala mchana bila kulazimishwa. Mabaka ya zambarau yalitokea miguuni, na Mama Ndung'u akatugombeza mimi na Wanjiru akidhani tulikuwa tukimwacha aanguke. Kisha puani damu ikawa haikomi. Walimpeleka hospitali kubwa, wakakaa siku nyingi huko, wakarudi na jina ambalo mitaani kwetu lilitamkwa kwa kunong'ona: saratani ya damu. Daktari aliwaambia kwamba kuna sindano na vidonge, na kwamba lazima arudishwe kliniki kila wiki kwa muda mrefu. Alipoulizwa kama mtoto atapona, alisema watoto wengine hupona. Mama Ndung'u alilishika neno hilo, "wengine", akalirudia kwa mama yangu jikoni kwetu huku akichambua mboga ya sukuma, kana kwamba wengine hao walikuwa ukoo ambao angeweza kuomba mwanawe apokewe.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri, baba yangu alinyamaza. Nilidhani amesahau. Alishusha mikono, akafumba macho, na uso wake ukabadilika, ukawa laini kama wa mtu anayesikiliza redio kwa mbali. Kisha akashuka madhabahuni, akaenda moja kwa moja mpaka benchi la akina Stefano, akamchukua Ndung'u, akamwinua juu ya vichwa vyetu. "Bwana ameniambia," alisema. Hakupaza sauti. "Mtoto huyu hatakufa. Ataishi." Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mzee mmoja akaanguka magoti, Stefano akalia waziwazi kama mtoto. Mimi nililia pia. Naliandika hili kwa sababu watu wanaosimulia mambo kama haya hupenda kujifanya walitilia shaka tangu mwanzo. Sikutilia shaka. Nilimwona baba yangu amemshika yule mtoto juu, mwanga wa dirisha ukimwangukia, na nikajua kwa mwili mzima kwamba Mungu yupo na anaishi Jericho.

Jioni ile ile tulikuwa mezani tuliposikia sauti ya Stefano ng'ambo ya ukuta. "Hatarudi kliniki," alisema. "Bwana amesema." Mama Ndung'u akajibu kwamba Bwana hakutaja kliniki. "Mtu akishapewa neno halafu akamkimbilia daktari, anamwambia Mungu nini? Kwamba ni mwongo?" Tukasikia kiti kikisogezwa, kisha mlango. Mama yangu aliacha kula. Alimtazama baba. "Baba Nekesa," alisema taratibu, "nenda ukamwambie kwamba dawa na neno havigombani." Baba aliendelea kutafuna muda mrefu. "Imani yake ni yake," akasema. "Mimi ni nani niizime?" Mama alinyanyua sahani yake, ambayo bado ilikuwa na chakula, akaipeleka jikoni, akakaa huko huko.

Wanjiru ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Tulikuwa tukitoka sokoni tukiwa na mkungu mdogo wa ndizi, kila mmoja ameshika upande wake. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha kanisa. Barabarani tuliongea kama vijana wenzetu. "Nekesa, hebu niambie. Buda yako alisikia nini haswa?" Nikamwambia baba alisikia sauti ya Mungu, kila mtu anajua. "Ndiyo, lakini kwa lugha gani? Kiswahili? Lugha yenu ya nyumbani? Ama ilikuwa tu kitu kama joto kifuani?" Nikakasirika, nikamwambia anakufuru. Alisimama, na kwa kuwa tulikuwa tumeshika mkungu mmoja, nami ikabidi nisimame. "Mtoi ni wetu, si wenu," alisema. "Mimi ndiye namwona mdogo wangu akivuliwa nguo. Nataka tu kujua."

Nilimuuliza baba. Nilimpelekea chai ya maziwa ofisini, chumba kidogo nyuma ya kanisa kilichonukia vumbi la vitabu na nta, nikabaki nimesimama mlangoni. "Baba, Mungu alipokuambia kuhusu Ndung'u, alitumia lugha gani?" Nilitegemea akasirike. Badala yake alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka ufunguo. "Mambo ya Mungu hayana lugha," alisema hatimaye, na akanishukuru kwa chai. Lakini nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona kwamba swali lile lilikuwa geni kwake, na kwamba litamfuata.

Siku chache baadaye mama alinituma niteke unga wa wimbi kwenye debe. Kikombe kiligonga kitu. Nilichimbua kwa vidole, nikatoa chupa ya vidonge yenye jina la Ndung'u. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinipokonya chupa, akaipangusa unga, akairudisha ndani na kuifukia. "Hujaona kitu," alisema. Kisha, kwa kuwa alijua sitaweza kuishi hivyo, akafunga mlango wa jikoni na kuniambia. Kila Jumatano, wanaume walipokwenda mtaa wa Kaloleni kutembelea wagonjwa, Mama Ndung'u alimbeba mtoto mgongoni, akamfunika kwa shuka kama anayekwenda mkutano wa akina mama, na kumpeleka hospitali. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano huo. Kila Jumatano aliwaambia wenzake kwamba Mama Ndung'u ametumwa kazi nyingine ya Bwana. Dawa zilikaa kwetu kwa sababu nyumba ya mchungaji ndiyo mahali ambapo Stefano hangefikiria kupekua. "Mama," nilimuuliza, "wewe huamini alichosema Baba?" Alifikiri. "Namwamini Mungu," akasema. "Baba yako ni mume wangu." Akanipa kikombe niendelee kuteka unga.

Kuanzia siku hiyo nikawa na siri na Wanjiru, maana naye alijua, na tukapatana upya bila kuombana msamaha. Jumatano ikawa siku yetu. Tukitoka shule tulikaa kwenye ngazi zao kumngoja Mama Ndung'u. Tulijifunza kusoma hatua zake tangu langoni, kujua kama wamempa habari njema au mbaya. Na habari zilianza kuwa njema. Mabaka yalififia. Ndung'u alirudi kula mapajani mwa baba yangu. Kanisani Stefano alisimama akashuhudia kwamba mwanawe anapona bila mkono wa mwanadamu, na watu wakatoka Kayole, hata mbali zaidi, wakija kumwona. Walimgusa kichwa. Mama Ndung'u alikaa kando yake, mikono mapajani, akitazama sakafu. Nilimtazama yeye, nikamtazama mama yangu, nikamtazama baba aking'aa madhabahuni, na nikahisi kwa mara ya kwanza upweke ambao haujaniacha kabisa tangu siku ile: wa kukaa katikati ya watu wanaoshukuru, bila kujua ni nani anayestahili shukrani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na homa. Ilimpanda Ndung'u siku ya Jumatano, na Mama Ndung'u akamkimbiza hospitali. Wakamwambia ugonjwa umerudi, na kwamba safari hii dawa walizo nazo hazitaufikia. Alirudi naye nyumbani. Mlangoni kwetu alimwambia mama neno moja tu: "Wengine." Mama akampokea mtoto, yeye akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Ndung'u alikufa Jumamosi, saa za mchana, kwaya ikifanya mazoezi kanisani. Nilikuwa upande wetu nikipiga pasi kanzu ya baba. Nilisikia kupitia ukuta Mama Ndung'u akisema jina lake, kama mtu anayemwamsha, akalisema tena, kisha akaacha kulisema. Nilizima pasi. Nilipotoka nje nilimwona Stefano akivuka ua akikimbia, miguu mitupu, kuelekea kanisani. Aliingia na kuwaambia wanakwaya: "Msinyamaze. Imbeni. Bwana alisema ataishi, na Bwana hasemi uongo. Imbeni mpaka aamke." Baba yangu alikuwa mle ndani. Wote walimgeukia. Nilikuwa nimefika mlangoni, niliuona uso wake, na ningetoa chochote nisiuone. Akainua mkono. Wakaimba.

Waliimba wimbo mmoja, wakaurudia, wakaurudia tena. Majirani walikuja, wakajaa uani, nao wakaimba. Sauti nne zilizofundishwa vizuri zilipanda na kushuka, na kila ubeti ulipokwisha palikuwa na kimya kifupi ambamo kila mtu alitega sikio upande wa nyumba. Kimya hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo. Wimbo nimeuzoea, hucheza redioni, nami huzima. Ila kile kimya kati ya ubeti na ubeti, mamia ya watu wakishika pumzi wakingoja mtoto akohoe, hicho hakizimiki. Wanjiru aliimba. Nilimwona. Alikuwa amefumba ngumi na kuimba kwa nguvu kuliko wote, yeye aliyeuliza lugha. Nami niliimba. Jua lilikuwa limeanza kuinama Mama Ndung'u alipotoka na kusimama kwenye ngazi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka. "Nyamazeni," alisema. Waliokuwa karibu walinyamaza, walio mbali wakaendelea. "Nyamazeni! Mtoto wangu amekufa. Mwacheni apumzike." Wimbo ulikatika vipande vipande, besi wakiwa wa mwisho.

Tulimzika. Baada ya hapo ukuta ukawa adhabu. Stefano hakula. Tulimsikia mchana kutwa akisema maneno yale yale: "Nilimnyima dawa. Mimi ndiye nilimuua." Na kwa upande mwingine, kwenye mabenchi na penye bomba la maji, minong'ono ilikuwa imeanza kwamba neno la Bwana haliendi bure, basi lazima ndani ya nyumba ile palikuwa na mtu mwenye shaka. Watu waliacha kumwita Mama Ndung'u. Wakaanza kumwita Mama Wanjiru, kwa huruma nadhani, ili wasitaje jina la marehemu. Aliwarekebisha kila mara, bila hasira: "Mimi ni Mama Ndung'u." Nimekuwa nikifikiria miaka hii yote hesabu aliyokuwa akiipiga moyoni. Akinyamaza, mumewe angekufa akiamini ameua. Akisema, kanisa lingempata mwenye shaka ambaye lilikuwa likimtafuta.

Alisema. Ilikuwa Jumapili, wakati wa ushuhuda. Alisimama bila kuitwa, akamgeukia mumewe na si madhabahu. "Stefano," alisema, "hukumnyima chochote. Nilimpeleka mimi. Kila Jumatano. Hakukosa sindano, hakukosa kidonge. Madaktari walifanya kazi yao, na sisi tuliomba, na alikufa. Alikuwa mgonjwa. Hukumuua." Stefano alimtazama kana kwamba anaongea kutoka ng'ambo ya mto. Nyuma yetu mzee wa kanisa alisimama. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ndiyo sababu. Mchungaji, umesikia mwenyewe. Imani iliharibiwa kutoka ndani." Wengine wakaitikia. Kila mtu alimtazama baba yangu, na mimi nilijua kwamba anapewa njia ya kutokea. Angetamka sentensi moja tu, na unabii wake ungebaki mzima.

Kabla hajafungua kinywa, mama yangu alisimama. Hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu. "Dawa zilikaa kwangu," alisema. "Jikoni kwa mchungaji, ndani ya unga. Kama kuna wa kutolewa kanisani, tutoeni wawili." Akavuka njia ya katikati, akakaa benchi la Mama Ndung'u, akamshika mkono. Baba aliwatazama wale wanawake wawili. Midomo yake ilisogea. Kisha akafunga Biblia, akashuka, akapita mlango wa pembeni, akaenda. Hakutoa baraka. Tulibaki tumekaa, kanisa zima, bila kujua kama ibada imekwisha, mpaka watoto walipoanza kulia njaa na mtu mmoja mmoja akaanza kuondoka.

Hakuna aliyetolewa. Mambo hayakwisha kwa kishindo. Stefano alianza kula tena, kidogo kidogo, kutoka mkono wa mkewe. Kabla mwaka mpya haujaanza aliacha uinjilisti, wakahamia Kaloleni, akawa fundi seremala, na aliishi miaka mingi akiwa mtu mpole asiyeingia kanisani ila kutengeneza mabenchi. Mama Ndung'u aliendelea kuhudhuria, na mama yangu alikwenda kwake kila Jumatano mpaka alipotangulia mbele za haki. Baba alirudi madhabahuni Jumapili iliyofuata, akahubiri hadi alipostaafu. Lakini hakuna aliyemsikia tena akisema "Bwana ameniambia." Wagonjwa walipokuja kuombewa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeshaenda hospitali?" Nyumbani hatukulizungumzia. Mimi huenda kanisani hata sasa; hukaa nyuma, karibu na mlango. Wanjiru haendi. Tulipoolewa na wanaume wa mitaa tofauti tulitembeleana, tukanyamaza kwa vipindi, tukatafutana tena. Sijui rafiki mwingine ambaye ninaweza kukaa naye bila kusema neno nikajua tunafikiria kitu kimoja.

Baba ni mzee sana sasa, anaishi nami hapa Kayole, kwenye chumba kinachopata jua asubuhi. Mazishini hakuweza kufika. Kwa hiyo siku ya pili yake Wanjiru alikuja kumpa pole, maana kwetu hata aliyefiwa huwaendea wazee wasioweza kutembea. Nilimkaribisha chai na viazi vitamu. Alikunywa, akaweka kikombe chini, akasogeza kiti mbele ya baba. Nilijua kabla hajasema.

"Baba Mchungaji," alisema, "mama ameenda, mzee ameenda. Nimebaki na swali nililomuuliza Nekesa tukiwa wasichana. Siku ile ya Ndung'u. Ulisikia kweli?"

Nilitaka kumwokoa baba. Nilisema amechoka. Aliinua mkono kunizuia.

"Nilisikia," alisema. "Sikuwadanganya, mwanangu. Nilisikia kama ninavyokusikia wewe sasa." Alipumua. "Siku nyingine nadhani ilikuwa sauti yangu mwenyewe, kwa jinsi nilivyompenda yule mtoto. Hizo ndizo siku nzuri. Siku nyingine nadhani ilikuwa Yake, Bwana mwenyewe."

Huko chini barabarani mtu alikuwa akimwita mwenzake kwa jina, na mwenzake haitikii.

"Utaniombea?" baba alimuuliza.

"Mimi siombi, Baba. Niliacha."

"Basi kaa tu," alisema.

Wanjiru alinitazama. Kisha akavua viatu, kama mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote, akakaa.